Kamba ya nywele kwa nanga za vipimo: inatuliza mtikisiko, haiondoi ukinzani wote

Kamba ya nywele ni kamba ya nanga ya kawaida iliyopandwa vishungi vya nyuzi laini kwenye urefu wake wote. Hutumika kushikilia vipima mkondo, vipima joto na maikrofoni za chini ya maji, pale ambapo boya limezamishwa makusudi na nanga iko mamia ya mita chini yake. Wauzaji wengi huitangaza kuwa dawa ya ukinzani wa maji. Hapa tunaipima kwa kazi moja: kamba ya milimita 14 ndani ya mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, ule unaokwenda kaskazini mwaka mzima na kushika kasi wakati wa kusi, hata ukafika kati ya mita 1 na 2 kwa sekunde karibu na uso wa bahari. Tutailinganisha pia na tepe, ganda lenye mkia, na mbavu za msokoto.

Kwa sehemu ya kamba inayokaa kwenye kina cha zaidi ya mita 50, tunaipendekeza bila kusita. Juu ya kina hicho, kwenye bahari yetu ya joto, ni hasara. Na kama mtikisiko si tatizo lako, ila unataka tu boya lisivutwe chini na mkondo, nywele hazitakufaa sana.

Maji yakipita kwenye kitu cha mviringo hayawezi kuufuata mgongo wake hadi mwisho. Yanabanduka pande zote mbili, na nyuma yake yanajisokota kwa zamu, mzunguko mmoja kushoto, unaofuata kulia. Kila mzunguko unapoachia, kamba inavutwa upande wake. Kanuni ya marudio hayo, yaani mara ngapi kwa sekunde, mwanafizikia wa Kicheki Vincenc Strouhal aliipata mwaka 1878 akichunguza sauti ya nyaya zinazokata hewa: zidisha kasi kwa 0.2, kisha gawanya kwa kipenyo. Kwa kamba ya milimita 14 na mkondo wa mita 1 kwa sekunde unapata marudio 14 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya milioni 1.2 kwa siku moja. Kamba ndefu iliyokazwa ina marudio yake ya asili mengi (yale inayotikisika nayo kwa urahisi, kama uzi wa gitaa), tena yamekaribiana, kwa hiyo mkondo haukosi moja la kulishika. Ukilishika, kamba inatikisika kwa upana unaokaribia kipenyo chake.

Gharama yote inaanzia hapo. Kamba ya mviringo iliyotulia ina kizigeu cha ukinzani, yaani namba inayoonyesha umbo linakamatwa na maji kiasi gani, cha 1.2 hivi. Ikitikisika, kizigeu kinapanda hadi 2 na kuendelea, wakati mwingine kikakaribia 3. Pingu zinalegea, vipini vya kufungia vinalika, jicho la kamba linasagika kwenye chuma chake. Maikrofoni nayo inarekodi kamba badala ya bahari. Mlio wa nyangumi aina ya fini uko kwenye marudio 20 hivi kwa sekunde, na kamba ya milimita 14 inalia papo hapo mkondo ukifika mita 1.4. Anayesikiliza nyangumi kwa kamba tupu anapoteza data na hakuna programu itakayomrudishia.

Nywele zinaingia kwenye lile eneo la nyuma ya kamba na kulijaza, hivyo maji ya kushoto hayapati nafasi ya kupokezana na ya kulia. Zinapopepea zinakula pia nguvu ya mtikisiko wenyewe. Kwa kazi hii ya kutuliza hatuna lawama. Lakini nywele nazo ni mwili ndani ya maji, na maji yanasugua kila uzi. Kizigeu cha kamba ya nywele, kikihesabiwa kwa kipenyo cha kamba bila nywele, kwa kawaida hukaa juu ya kile cha kamba tupu iliyotulia. Sisi hutumia 1.5 tunapopanga nanga.

Chukua mita 200 za kamba ya milimita 14, mkondo wa mita 1 kwa sekunde uliosawazika juu hadi chini, na boya lenye nguvu ya kuelea ya kilo 500. Tusihesabu ukinzani wa boya lenyewe wala uzito wa kamba. Kamba tupu ikitikisika kwa kizigeu cha 2.2 inavutwa kwa nyutoni 15.8 kila mita (nyutoni 10 ni kama uzito wa kilo moja), jumla karibu kilo 320, na boya linashuka kama mita 12 kutoka mahali pake. Ukiweka nywele, mvuto unakuwa karibu kilo 220 na boya linashuka mita 6. Kama kamba tupu ingekubali kutulia yenyewe ungepata kilo 175 na mita 4, ila mkondo haukuachii nafasi hiyo. Ganda lenye mkia, yaani plastiki inayofunika kamba na kuchongoka nyuma, unene wa milimita 20 na kizigeu cha 0.3, linakupa kilo 63 tu, na boya linashuka nusu mita. Hesabu hii rahisi inaonyesha nywele zilipo: zinakurudishia sehemu kubwa ya ulichopoteza kwa mtikisiko, lakini hazikufikishi kwenye umbo lenye mkia. Muuzaji anayesema nywele zitashusha mvuto chini ya ule wa kamba tupu iliyotulia mwombe karatasi ya jaribio, na uangalie kizigeu kimegawiwa kwa kipenyo gani. Ukitumia kipenyo cha kamba pamoja na nywele zake, namba inakuwa ndogo bila mvuto wenyewe kupungua hata nyutoni moja.

Kwenye bidhaa yenyewe, kwanza angalia nyuzi. Poliesta ndiyo tunayoitaka: inazama taratibu, haivimbi kwa maji, inavumilia jua la sitahani. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mkondo ukipungua nywele zinasimama juu na kujikunja kwenye kamba. Pia jua linaila haraka kama haikuwekewa kinga. Nailoni inanyonya maji na kulegea, na kishungi kilicholegea kinajiviringa kwenye jirani yake. Urefu unaofaa ni mara 4 hadi 8 ya kipenyo. Kwa milimita 14 sisi tungeagiza milimita 80 hadi 90. Fupi kuliko hapo hazifiki eneo linalohitaji kujazwa. Ndefu sana zinafungana mafundo.

Kisha angalia kishungi kilivyoshikwa. Kwenye kamba nzuri nyuzi zimefumwa pamoja na ala ya nje, haziingii kwenye kiini kinachobeba mzigo. Fungua ala kidogo kwenye kipande cha sampuli: ukikuta uzi wa nywele umepenya katikati ya kiini cha aramidi (nyuzi imara za jamii ya Kevlar), iache, maana kila tundu ni mahali pa nyuzi za kiini kusuguana na kukatika. Shika kishungi kimoja kwa ndoano ya mizani ya kamani uvute polepole. Kisipovumilia kilo 2, winchi itakinyofoa siku ya kwanza. Rudia kwenye vishungi kumi vilivyo mbalimbali, kwa sababu ufumaji hubadilika mwanzo na mwisho wa roli. Uliza pia nguvu ya kukatika iliyoandikwa ilipimwa kabla au baada ya kupanda nywele, na kama jicho la kamba lilikuwemo kwenye jaribio.

Winchi ndiyo inayowakamata wengi. Kamba ya milimita 14 yenye nywele inajipanga kwenye ngoma kana kwamba ni ya milimita 20. Kwa hesabu ya eneo, ngoma iliyokuwa inabeba mita 1,000 sasa inabeba kama mita 490. Kapi nalo linahitaji mfereji mpana. Kapi la kamba tupu linazibana nywele ukingoni na kuzikata kama mkasi. Usiipitishe kamba hii kwenye kichwa cha winchi kinachoteleza chini ya mzigo, joto la msuguano linayeyusha ncha za poliesta na kuzigandisha pamoja. Na usiifungie kwenye ngoma ikiwa imekazwa. Ifunge kwa mvuto mdogo, kilo 20 au 30 zinatosha, na kama meli ina nafasi, ilaze kwa umbo la nane ndani ya sanduku pana.

Sasa washindani. Tepe ni vipande bapa vya plastiki laini au kitambaa, upana kama kipenyo kimoja au viwili vya kamba, vilivyoshikwa upande mmoja. Bei yake inavutia na ngoma inaipokea vizuri kuliko ganda. Udhaifu wake uko kwenye shina: tepe inapepea mfululizo, inapata ufa pale inapoanzia, na ikikatika nusu, kipande kilichobaki kinapiga huku na huku. Kwa nanga ya wiki chache, sawa. Kwa mwaka mzima, hapana.

Ganda lenye mkia ndilo bora kwa mvuto, na ndilo gumu kuishi nalo. Ni vipande vya plastiki vinavyofungwa kuzunguka kamba, mbele mviringo, nyuma vinachongoka, na aina nyingine zina mkia laini unaopinda. Wazo la kuweka kitu bapa nyuma ya silinda ni la zamani. Mtafiti Anatol Roshko alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba ubao mwembamba wenye urefu wa vipenyo vitano nyuma ya silinda unakomesha upokezanaji wa mizunguko na kupunguza mvuto. Shida ni kwamba baharini mkondo hubadili mwelekeo, kwa hiyo ganda lazima lizunguke lenyewe. Likikwama, kwa chumvi, kwa kombe au kwa kubanwa na ganda la juu yake, linakuwa bawa. Kamba nzima inasukumwa kando, na mvuto unaweza kuzidi ule uliokuwa unaukimbia. Hata likizunguka bila shida, kazi ya watafiti Assi, Bearman na Kitney iliyochapishwa 2009 ilionyesha kuwa ubao ulio huru kuzunguka haukai sawasawa nyuma ya silinda. Unatulia kwa pembe upande mmoja na kuzaa nguvu ya pembeni isiyoisha. Walionyesha pia kwamba msuguano wa mzunguko una kiwango chake: ukiwa mdogo mno mfumo unayumba, ukiwa mkubwa mno ubao haufuati mkondo. Kwa hiyo ukinunua maganda, jaribu kila moja kwa kidole kabla ya kushusha. Lizunguke kwa mguso mwepesi lakini lisijiachie lenyewe likitikiswa. Weka pete ya kuzuia kila mita 3 hadi 5, ili maganda yasirundikane chini na kubanana.

Mbavu za msokoto tunazipita haraka kwa kamba nyembamba. Watafiti Scruton na Walshe walizibuni Uingereza mwaka 1957 kwa ajili ya mabomba marefu ya moshi: mbavu tatu zinazojizungusha kama parafujo. Za baharini kwa kawaida huwa na kimo cha robo ya kipenyo, na msokoto mmoja kamili kila vipenyo 15 hivi. Zinatuliza mtikisiko bila kujali mkondo unatoka wapi, lakini mvuto unapanda. Kwa kamba ya milimita 14 ubavu ni wa milimita 3.5, na ukoga unauzika mapema sana. Mahali pake ni kwenye bomba kubwa. Visima vya gesi vya kina kirefu kusini mwa Tanzania, kama Zafarani iliyogunduliwa 2012 kwenye kina cha maji cha karibu mita 2,600, huchimbwa kwa bomba la kupandishia lenye kipenyo cha sentimita 53 hivi. Hapo ubavu una kimo cha sentimita 13, na mkondo wa mita 1 unalitikisa bomba taratibu, mara moja kila sekunde 2.7. Nywele kwa bomba la namna hiyo zingehitaji urefu wa mita 2 hadi 4, na hakuna anayeweza kuzipitisha kwenye sitaha ya mtambo. Matokeo ya kipimo kimoja nayo hayahamishiki kwenda kingine. Namba ya Reynolds, inayopima kasi na ukubwa wa kitu dhidi ya unato wa maji, kwa kamba yetu ni karibu 15,000, ya bomba ni nusu milioni, na katikati yake tabia ya maji nyuma ya silinda inabadilika kabisa.

Kwenye nywele, adui halisi wa pwani yetu ni vinavyoota. Juu ya mita 40 au 50 kuna mwanga wa kutosha, ukoga unashika uzi ndani ya wiki chache, kisha vinafuata kombe wadogo. Nywele zinampa kila kiumbe mahali pa kushikilia. Kishungi kikishajaa hakipepei tena, kinakuwa fimbo. Kamba yako ya milimita 14 sasa ni gogo la milimita 50, na kwa mkondo uleule wa mita 1 mvuto ni nyutoni 31 kwa mita, karibu mara mbili ya kamba tupu inayotikisika. Rangi ya kuzuia viumbe si suluhisho, kwa sababu inazigandisha nywele na kuondoa ulaini uliolipia. Kwa vivutia samaki, yaani maboya yaliyotiwa nanga ili samaki wakusanyike, vyenye boya la juu ya maji ushauri wetu ni huu: mita 50 za kwanza weka kamba tupu nene ambayo mzamiaji anaweza kuikwangua, nywele zianzie chini ya hapo. Na zikianza, zisikatizwe. Wapo wanaopanda mita moja, wakaruka kumi ili kubana matumizi. Sehemu tupu inaendelea kutikisika na kupeleka mtikisiko kwenye ile yenye nywele, na fedha imekwenda bure.

Je, mtu anaweza kupanda mwenyewe? Inawezekana kwa kamba ya nyuzi tatu za kusokotwa tu. Fungua msokoto kwa kigingi cha mbao, usitumie chuma chenye ncha. Pitisha kishungi chenye urefu mara mbili kati ya nyuzi mbili, acha msokoto ujibane, kisha kaza kwa fundo moja. Acha milimita 20 kati ya kishungi na kishungi, na kila kinachofuata kitokee mwanya mwingine ili nywele zizunguke pande zote. Mita 200 zinataka vishungi 10,000; kwa nusu dakika kila kimoja ni zaidi ya saa 80 za kazi. Usitumie katani, inaoza. Usitumie vipande vya nyavu kuukuu, vikinyofoka vinaendelea kunasa kasa na samaki. Kamba ya kufumwa yenye kiini usiiguse kabisa, agiza iliyopandwa kiwandani.

Wakati wa kushusha, chagua maji mafu. Lowesha kamba kwenye pipa la maji ya bahari saa nzima kabla, nywele kavu zinabeba mapovu na kupanda juu. Weka kizungushio juu na chini ya sehemu yenye nywele, kwa sababu kamba ya kusokotwa inajifungua inapobeba mzigo na kuziviringisha nywele kwenye kamba. Vipini vya pingu vifungwe kwa waya wa chuma cha aina ileile ya pingu. Ukichanganya chuma cha pua na chuma cha kawaida kutu inamaliza kimoja. Kifaa kinachoachia nanga kwa amri ya sauti kikae angalau mita 5 chini ya kishungi cha mwisho, uzi ulionyofoka ukijizungusha kwenye ndoano yake nanga haitaachia. Na hata ukiamini hesabu yako kiasi gani, funga kipima kina chini ya boya. Ndicho kitakachokwambia boya lilishuka mita ngapi siku ya mkondo mkali.

Kamba ikirudi, iangalie kabla haijakauka. Shina la kishungi lenye pete nyeusi linaonyesha uzi ulikuwa ukisugua ala. Ukikuta ncha zimechanua na kuwa na vumbi jeupe la nyuzi, zimepepea sana na muda wake unakaribia kwisha. Kishungi kilichokatwa wima, safi, ni meno ya samaki au mshipi wa mvuvi. Hesabu vilivyonyofoka katika mita moja ya juu, moja ya kati, moja ya chini. Vikizidi robo kwenye mita yoyote, badilisha kipande hicho chote, maana mtikisiko utaanzia hapo. Kisha suuza kwa maji yasiyo na chumvi, chana kwa kitana cha plastiki chenye meno mapana kuelekea ncha, anika kivulini, na uihifadhi ndani ya mfuko wa turubai bila kuibana. Ncha zilizochakaa usizichome kwa moto ili kuzinadhifisha, tone gumu la plastiki linalobaki linapiga ala kila nywele inapopepea.